Chumba cha Kati Hakina Dirisha

6 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo. Baba yuko kwenye ukarabati wa ghala la mwenye duka la rangi, na kila jioni anarudi na vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Anakusalimu sana. Baba hakusema nikusalimu, na mimi sitamsingizia.

Mimi ni binti yake, yule mmoja tu aliye naye, kama umesahau. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa na pengo la meno ya mbele. Siku hizi nyumbani wananiita Kiberiti, na sababu utaijua mwenyewe usiposita kuendelea kusoma.

Nisizunguke. Nimeitwa kwenye usaili wa kuingia chuo kikuu, kitivo cha usanifu majengo. Walioomba ni wengi mno, tulioitwa ni wachache, na watakaochukuliwa ni wachache zaidi. Usaili ni mwezi wa Mei. Kila mmoja anatakiwa aende na ramani ya jengo analolijua, alilolipima na kulichora kwa mkono wake, kisha jopo linakaa naye na kumhoji juu ya ramani hiyo mpaka lichoke au yeye achoke. Nimechagua kuchora nyumba yetu. Nikikosa nafasi hii, baba ameshaelewana na mwenye duka la rangi: nitaanza kazi kwenye kaunta, kuchanganya rangi za watu. Sitaki kuchanganya rangi za watu.

Mama ndiye aliyesema nikuandikie. Anasema umefundisha kuchora majengo karibu maisha yako yote, na kwamba umewahi kukaa kwenye majopo ya namna hiyo. Tena nyumba yetu uliichora wewe. Mimi nilikataa, akanisema mpaka nikakubali. Simu yako nimeipiga, inaita mpaka inachoka yenyewe. Kama hutaki kunisaidia, niandikie kwamba hutaki, nisiwe nachungulia mtu wa posta kama ninayemsubiri mchumba.

Ni mimi,
Kiberiti


21 Januari

Binti wa mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila jicho la kushoto, ambalo daktari anasema tulizoee, yeye na mimi. Hapa chuoni wananiaga mwisho wa mwaka. Kijana atakayerithi meza yangu ameshaanza kuja kuipima kwa macho, nami najifanya simwoni. Msalimu wifi yangu, mwambie asikae sana kwenye sakafu ya baridi. Baba yako msalimu au usimsalimu, kwangu ni yale yale.

Simu sipokei. Mtu akikupigia anakutaka ujibu kabla hujafikiri, na hivyo ndivyo watu wanavyoahidi mambo wasiyoyaweza.

Barua yako ina adabu mistari miwili, kisha inaishiwa. Hilo halinisumbui, kwa sababu jopo halitafuti adabu. Linanisumbua lile neno lako, kwamba umechagua jengo "analolijua" mtu. Nina hakika huijui. Watu hulala ndani ya nyumba miaka na miaka bila kujua mlango upi unagonga kabati. Nimewahoji vijana wengi waliokuja na ramani za nyumba zao, nikawauliza ngazi ina vidato vingapi, wakanitazama kama nimewatukana. Tuliwarudisha kwao.

Basi nitakusaidia, lakini kwa njia yangu. Utapima kila chumba kwa tepu, si kwa hatua zako na si kwa kumuuliza baba yako. Mdogo wangu anajua kuchanganya zege, nani atambishia, lakini timazi yeye huitundika kama pambo. Hajasimamisha ukuta ulionyooka tangu aanze kazi. Ukikuta ukuta umepinda, uchore umepinda. Jopo lina watu wenye macho, na nyumba iliyonyooka kila mahali huwaambia mara moja kwamba mwenye ramani hakuinuka kwenye kiti.

Pamoja na ramani, niandikie jibu la swali ambalo wataanza nalo, maana huanza nalo siku zote: kwa nini unataka kusoma usanifu? Liandike kama utakavyolisema.

Na chumba changu cha mwisho, kile chenye dirisha la uani, kipime kwa uangalifu. Mwisho wa mwaka nitakihitaji.

Shangazi yako


9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Tumepokea barua yako na jicho lako tumelisikitikia. Huku wote wazima. Mama amenunua mkeka mnene kwa ajili ya magoti, kwa hiyo ushauri wako umefika. Ghala la baba limekwisha, sasa anajenga ukuta wa shule. Nilimsomea ile sehemu ya timazi. Aliendelea kula.

Ramani hii hapa. Nimeipima nyumba yote kwa tepu, nimejipinda mpaka mgongo unaniuma. Ulisema siijui. Sasa najua kwamba sebule ni nyembamba upande wa barabarani kuliko upande wa ndani, kwamba ukuta wa jikoni umevimba katikati, na kwamba mlango wa bafu hufunguka mpaka nusu tu kwa sababu sinki liko njiani. Sinki uliliweka wewe kwenye ramani, si baba.

Chumba chako kipo kama ulivyokichora.

Jibu la swali ni hili: "Tangu utotoni nimekuwa nikivutiwa na majengo. Naamini usanifu ni sanaa na pia ni sayansi. Ningependa kutumia kipaji changu kuijenga jamii yangu na kuacha alama."

Naomba usichelewe. Mei haiko mbali.

Kiberiti


20 Februari

Binti wa mdogo wangu,

Marahaba. Nimepata mafua, nimepona. Kijana wa meza yangu ameleta kiti chake mwenyewe, kinazunguka. Wifi namshukuru kwa mkeka.

Jibu lako nimelisoma nikiwa nimesimama, na nimeona bora nikae. "Tangu utotoni." Kila anayeingia mle amevutiwa na majengo tangu utotoni. Tulikuwa tunakaa watu watatu upande wa pili wa meza, na mmoja wetu alikuwa na mazoea ya kuchora kijiti pembeni ya karatasi yake kila anaposikia "kuijenga jamii". Jamii uliyonayo wewe ni watu watatu na mkeka. Huna kipaji ambacho mtu amekiona bado, kwa hiyo usikitaje. Ukiulizwa kwa nini unataka kusoma, sema kitu kimoja ambacho umekiona kwa macho yako ndani ya jengo, kikakukera au kikakufurahisha, kisha nyamaza. Hilo la sinki ni jibu zuri kuliko yote uliyoandika, na ulilisema kwa nia ya kuniuma. Liko sawa pia: sinki nililiweka vibaya.

Tuje kwenye ramani. Sebule naisadiki. Jikoni naisadiki, nilimwambia baba yako kwamba ukuta ule unavimba, akaniambia ni macho yangu. Korido umeipata vizuri na ule mkunjo wake. Hadi hapo nilikuwa nimeanza kukuheshimu.

Kisha nikafika kwenye ukuta unaotenga chumba cha kati na chumba changu. Umenyooka. Pembe zake zote mbili zimekaa sawasawa, na vipimo vyake ni vile vile nilivyoviandika mimi kwenye ramani yangu, havikupungua wala kuzidi hata upana wa ukucha. Nyumba nzima imejengwa na mdogo wangu, isipokuwa ukuta mmoja ambao inaelekea ulijengwa na malaika.

Huo ukuta hukuupima. Umeunakili. Ramani yangu ya zamani mlikuwa mkiiweka juu ya kabati, na naona bado ipo.

Swali si kwa nini wewe ni mvivu, kwa sababu mvivu hapimi bafu. Swali ni kwa nini ukuta ule haupimiki. Mpaka utakaponijibu, sitakufundisha neno lingine. Ukienda na ramani hii mbele ya jopo watajumlisha vipimo vya ndani, watalinganisha na vya nje, na utatoka pale umevuliwa nguo.

Shangazi yako


18 Machi

Binti wa mdogo wangu,

Sijambo. Nakuandikia kukuambia kwamba kimya chako nakihesabu kuwa jibu, na kwamba muda unaopotea si wangu. Kwa mwenye duka la rangi wanaanza kazi saa ngapi?

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Baba hajambo. Leo sina salamu nyingine.

Ulitaka ukuta, nakupa ukuta. Haupo.

Nilinakili kwa sababu baba alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua utakuja na wakili. Nilitaka msaada wako na nilimwogopa yeye, nikaona nikuchoree unachokitaka ili wote wawili mniache. Nimekosea. Ila usidhani nina aibu na ukuta wenyewe.

Bibi, mama yako, miguu ilipomkataa, alikuwa analala chumba cha kati. Unakijua kile chumba, ulikichora. Upande mmoja jirani, upande mmoja jikoni, upande mmoja korido, upande wa nne ni wewe. Hakina dirisha. Kuna kitundu cha hewa juu ya mlango, na kinaingiza moshi wa jikoni. Mchana taa ilikuwa inawaka ndio tuone uso wake. Akaanza kukohoa. Muuguzi aliyekuwa akija kumgeuza alisema huyu mama atolewe humu, apelekwe kwenye jua. Jua liko chumba kimoja tu ndani ya nyumba hii, na chumba hicho kilikuwa na kufuli lako, na ufunguo uliondoka nao.

Mama alikuandikia kuomba ufunguo. Akakuandikia tena. Baba naye akaandika, baba yangu ambaye hata fomu za shule nilikuwa namjazia mimi. Hukujibu. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ile asubuhi. Baba alisimama koridoni na nyundo kubwa, mama akamwambia vunja hilo kufuli tumalize. Baba akasema, "Kufuli ni la mtu. Ukuta ni wangu, niliujenga mimi." Akaingia chumba cha kati, tukamsogeza bibi pembeni na kumfunika shuka kichwani, akaubomoa. Bibi alikuwa anacheka chini ya shuka. Kisha tukasukuma kitanda mpaka dirishani. Alikaa hapo kwenye jua mpaka alipofariki, na kikohozi kilikuwa kimepungua.

Hukuja kumzika. Ulituma karatasi ya rambirambi yenye nembo ya chuo chako, imepigwa chapa.

Sasa hivyo vyumba viwili ni kimoja, na nalala mimi. Meza yangu ya kuchorea iko chini ya dirisha lako. Sanduku lako lipo kwenye kona, hakuna aliyelifungua. Na mlango wa korido bado una kufuli. Baba kila akipaka nyumba rangi anaupaka na mlango ule, anazunguka kufuli kwa brashi ndogo ili asilichafue. Watu wakija wanauliza kwa nini mnafunga mlango wa chumba ambacho hakina ukuta.

Nimemaliza. Nifundishe, au uniache.

Kiberiti


8 Aprili

Binti wa mdogo wangu,

Marahaba. Jicho ni lile lile.

Kuhusu zile barua za ufunguo sitasema kitu, si kwako. Usiniulize tena.

Kuhusu wakili, mwambie mdogo wangu kwamba kama ningetaka kumshitaki, ningeanza na ukuta wa jikoni.

Sasa sikiliza. Nyumba hii usiipeleke. Bado una muda wa kupima jengo jingine: hiyo shule baba yako anayoijengea ukuta, ghala la rangi, banda la pikipiki, chochote. Nakuambia hivyo kama mtu aliyekaa kwenye majopo. Watahiniwa wanaokwenda na msiba wa nyumbani huanza vizuri, katikati sauti inawakatika, na mwisho wanasubiri kuonewa huruma. Huruma haina alama. Nakuambia pia kama shangazi yako. Kwenye jopo lile hawakosi watu niliowafundisha mimi. Sitaki mama yangu azungumzwe mezani na watu wanaoandika kwa penseli.

Hilo ni ombi. Sijawahi kumwomba mtu wa nyumba hiyo kitu tangu niondoke.

Lakini nakufahamu kwa barua tatu, na najua utafanya ukaidi. Basi ukishafanya, angalau usifanye kijinga. Wataanza na kufuli, kwa sababu kufuli ndicho kitu ambacho hakieleweki kwenye karatasi. Jibu kwa sentensi moja. Wakinyamaza, nyamaza nawe; huo ni mtego wa kukufanya uendelee kubwabwaja. Usiseme "bibi yangu mpendwa". Sema kitanda, sema upana wake, sema kilipita wapi. Wakikuuliza ungefanya nini wewe, usikimbilie kuongeza dirisha. Chumba cha kati hakina ukuta wa nje, kwa hiyo dirisha huwezi kuliweka kwa kulitaka tu. Lazima kitu kingine kihame. Waambie ni kipi utakihamisha, na nani atakasirika. Hapo ndipo mtu anapojulikana kama anafaa.

Usiipeleke.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima.

Nimepima upya na nimechora ilivyo. Naipeleka. Ni nyumba ninayoijua, nawe ndiye uliyesema mtu achore alichokipima. Ushauri wa kufuli nimeupokea, ahsante.

Kiberiti


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Mama ameanza kupanda kile kidato cha uani bila kushika ukuta. Baba hajui bado nilipeleka ramani gani, anadhani ni ya ghala.

Usaili umepita. Nakuandikia kwa sababu robo tatu ya niliyoyasema yalikuwa yako, na sitaki kuonekana mwizi.

Walikuwa watatu. Mzee mmoja mwenye suti iliyombana, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo shingoni, na kijana aliyekuwa akiandika tu. Mbele yangu aliingia mvulana mwenye ramani ya hoteli, imepakwa rangi, ina hata miti. Alitoka anatabasamu. Nilitamani kurudi nyumbani.

Waliniuliza kwa nini usanifu, nikawaambia habari za sinki na mlango wa bafu. Mzee akacheka. Kisha akaweka kidole kwenye kufuli. Nikajibu sentensi moja: mlango ulifungwa na mwenye chumba akaondoka na ufunguo, na kitanda cha mgonjwa kikahitaji kupita. Wakanyamaza. Nami nikanyamaza. Shangazi, ukimya ule ulikuwa mrefu, na nilikuona umekaa kati yao. Mwanamke ndiye aliyeshindwa kwanza. Akauliza kitanda kilikuwa na upana gani, nikamwambia. Akauliza kwa nini fundi hakuvunja kufuli, jambo ambalo ni kazi rahisi. Nikamwambia alivyosema baba, maneno yake yale yale. Kijana akaacha kuandika.

Wakaniuliza ningefanya nini mimi. Nikasema ningehamisha jikoni mbele, chumba cha kati kipate ua, na atakayekasirika ni mwenye chumba cha mwisho, kwa sababu chake kitapungua.

Ndipo mwanamke akauliza ni nani aliyeichora nyumba. Ningeweza kusema sijui. Nilitaja jina lako lote, na chuo chako. Akavua miwani. Akasema, "Huyo alinifundisha mimi." Kisha akaniuliza kama nathubutu kusema kwamba mwalimu wake alikosea.

Nilimwambia, "Mtu aliyechora nyumba ya mama yake, akampa mama giza na yeye akachukua jua, hakukosea kupima. Alijua anachofanya. Mtu wa hivyo hapaswi kuchorea watu nyumba."

Hivyo ndivyo nilivyosema na sijutii. Majibu ni mwishoni mwa Juni.

Kiberiti


12 Juni

Binti wa mdogo wangu,

Yule mwanafunzi wangu amenipigia simu. Niliipokea, nikidhani ni daktari wa macho. Alikuwa ananionea huruma. Mwanamke niliyemfundisha kushika penseli, aliyekuwa akilia nikimrudishia kazi, amenipigia kuniuliza kama niko sawa.

Ungeweza kusema "jamaa". Ungeweza kusema "mchoraji", ukanyamaza kama nilivyokufundisha. Ulitaja jina kwa sababu uliona litakuvusha. Nimefanya kazi hii mpaka jicho limekufa, na wewe umelitumia jina langu kama daraja la kukanyaga, kisha unaniletea salamu za magoti.

Wala sitasubiri uniombe radhi, maana ninyi hamna desturi hiyo, na mimi ndiye niliyewalea wengine wenu.

Bado nakuja. Meza si yangu tena kuanzia Desemba na nyumba nyingine sina. Ile ni nyumba ya mama yangu na hakuna mwenye ubavu wa kunizuia mlangoni. Mwambie baba yako ukweli wa ramani uliyopeleka, umwambie pia kwamba nakuja, na ukuta aurudishe. Kwa kuwa umeshakuwa msanifu kabla ya kuanza masomo, chora wewe. Nionyeshe nitalala wapi.

Shangazi yako


4 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, baba hajambo.

Nimepata. Jina langu lipo kwenye ubao, la pili kutoka chini. Yule wa hoteli hayupo. Mama alilia jikoni. Mwenye duka la rangi ameambiwa atafute mtu mwingine.

Baba nimemwambia yote. Nilisubiri anipige, na hajawahi kunipiga. Alikwenda akakaa chumbani kwangu, kwenye kile kisiki cha ukuta kilichobaki chini, akashika tofali. Baadaye akasema wewe ni dada yake mkubwa na hana maneno. Yuko tayari kuurudisha ukuta wiki yoyote utakayosema. Alichosema tu ni kwamba mwenye kupanga vyumba si yeye, mara hii hataki lawama.

Basi nimepanga mimi, na ramani ni hii. Ukuta unarudi pale pale ulipokuwa. Chumba chenye dirisha ni changu, kwa sababu masomo ya kuchora yanataka mwanga na nitakuwa humo kwa miaka mingi. Wewe utalala chumba cha kati. Mlango wake ni mzima na taa inawaka. Kufuli la mlango wa mwisho nimelikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma. Baba alitoka akaenda uani ili asione. Sanduku lako nimelihamisha, liko chumbani kwako tayari.

Hutalazimika kuchukua ufunguo.

Kiberiti


19 Julai

Binti wa mdogo wangu,

Marahaba. Jicho la kulia nalo limeanza. Hongera kwa nafasi. Ya pili kutoka chini inaingia mlango ule ule na ya kwanza.

Mwambie wifi yangu asilie jikoni, kule kuna moshi. Mwambie mdogo wangu kwamba nimesikia alivyosema.

Ramani yako nimeisahihisha kwa kioo cha kukuza. Mistari ni safi. Vipimo vinajumlika. Maandishi yako bado ni ya mtu anayegombana na karatasi, lakini yanasomeka. Kisha nikatafuta dirisha la chumba cha kati. Nilidhani limefutika njiani, nikapitisha kidole. Nikageuza karatasi. Nikatafuta jikoni iliyohamia mbele, ile uliyowaambia jopo, pamoja na ule ua. Havimo. Jikoni iko nilipoiweka mimi. Upande mmoja jirani, upande mmoja jikoni, upande mmoja korido, na wa nne ni wewe.

Kuna sentensi uliisema mbele ya watu watatu, kuhusu mtu aliyempa mwenzake giza na yeye akachukua jua. Nimeletewa na watu wawili, wewe na yule mwanafunzi wangu, na imefanana neno kwa neno, kwa hiyo najua uliimaanisha. Isome tena, kisha tazama karatasi uliyonitumia. Aliyeichora hakukosea kupima. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Mimi nilipochora ya kwangu nilikuwa nayo pia, na nilikuwa na umri kama wako. Mama yangu alinifanyia nini, hilo nitakufa nalo.

Sikuombi ubadilishe. Mwambie baba yako ajenge kama ulivyochora, asiguse hata mstari. Nitakuja Desemba na nitalala humo. Madirisha yanafundishwa mwaka wa kwanza. Nitawasha taa, nisubiri mpaka ufike hapo.

Shangazi yako